Kupanga Chumba Kasulu: Mambo ya Kukamilisha Kabla ya Kutoa Kodi ya Pango

Na Mwandishi Wetu, Kasulu

Kila muhula wa masomo unapokaribia, mji wa Kasulu mkoani Kigoma hupokea wageni wanaofanana: vijana wenye mabegi, magodoro yaliyokunjwa na barua za kujiunga na vyuo. Baadhi yao hushuka kituo cha mabasi wakijua wanakokwenda, kwa kuwa wamepata nafasi bwenini. Wengine huanza siku hiyohiyo kuulizia chumba cha kupanga, na kabla jua halijazama wengi huwa wamekwishamkabidhi mtu wasiyemfahamu kodi ya miezi mitatu au sita.

Kwa familia nyingi za nyanda za juu za Kigoma, fedha hiyo ni mauzo ya maharage, mahindi au kahawa ya msimu mzima. Ikipotea kwa dalali asiyejulikana, au mpangaji akitolewa chumbani mwezi wa pili ilhali amelipia sita, msimu mwingine wa mavuno uko mbali na ada ya chuo nayo inadaiwa. Makala haya yanaeleza hatua za kufuata, haki na wajibu wa pande mbili kwa mujibu wa sheria, pamoja na mahali pa kupeleka malalamiko. Msingi wake ni mmoja: maandishi yatangulie, fedha zifuate.

Mji wa vyuo

Kasulu, yenye hadhi ya Halmashauri ya Mji, ni kituo cha elimu cha siku nyingi katika eneo la Buha. Mjini na pembezoni mwake kuna Chuo cha Ualimu Kasulu, Chuo cha Ualimu Kabanga, Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kasulu na mafunzo ya uuguzi yanayotolewa Kabanga, penye hospitali ya misheni. Wilaya jirani ya Kibondo nayo ina chuo cha uuguzi na chuo cha maendeleo ya wananchi, hivyo maelezo yaliyomo humu yanawahusu pia wapangaji wa Kibondo mjini.

Wanaotafuta vyumba si wanachuo pekee. Wamo walimu na wauguzi wa ajira mpya, watumishi waliohamishwa, wafanyabiashara, na wafanyakazi wa mashirika yanayohudumia wakimbizi katika kambi ya Nyarugusu, iliyoanzishwa mwaka 1996. Kwa sababu hiyo mwanachuo mwenye fedha kidogo hujikuta akishindania nyumba zilezile na mtu mwenye mshahara wa kila mwezi. Pamoja na hayo, wapo wazazi wa kata za pembezoni, ikiwemo Heru Juu, makao ya kihistoria ya Mwami wa Heru, ambao huwapangia watoto wao chumba karibu na shule au chuo ili kuwapunguzia mwendo.

Uliza bweni kwanza

Vyuo vingi vya ualimu na uuguzi nchini vimejengwa kwa utaratibu wa kulala chuoni. Kabla ya kutafuta chumba, mwanachuo anashauriwa kusoma fomu ya maelekezo ya kujiunga na kuuliza ofisi ya mlezi wa wanachuo mambo matatu: kama nafasi ya bweni ipo, kama gharama yake imo ndani ya ada, na kama kuishi nje kunahitaji kibali cha maandishi. Upo uwezekano wa mtu kulipia nyumba ya nje kisha akabaini kuwa alikwishalipia bweni katika ada ileile.

Anayelazimika kuishi nje aiombe ofisi hiyo majina ya mitaa ambayo wanachuo wamezoea kupanga. Wenzake wa mwaka wa pili ni chanzo kizuri zaidi cha taarifa kuliko dalali, maana wanajua nyumba ipi inavuja, kisima kipi hukauka kiangazi, na mwenye nyumba yupi hutoa stakabadhi bila kuombwa mara mbili.

Aina za vyumba na hesabu ya umbali

Katika mji wa Kasulu, kama ilivyo katika miji mingine ya kiasi chake, vyumba vya kupanga viko vya aina kuu nne. Cha kwanza ni chumba kimoja ndani ya nyumba ya wapangaji wengi, chenye choo, bafu na uwanja wa pamoja. Vijana hukiita geto. Cha pili ni chumba na sebule. Cha tatu ni chumba chenye choo na bafu ndani, ambacho wengi hukiita masta. Cha nne ni nyumba nzima, ambayo wanachuo watatu au wanne huweza kuichangia.

Kodi hupungua kadiri mtu anavyotoka katikati ya mji na barabara kuu, lakini nauli huongezeka. Tuchukue mfano wa hesabu tu: chumba cha karibu na chuo kinachotozwa shilingi 30,000 kwa mwezi, na cha mbali kinachotozwa shilingi 18,000. Anayekaa mbali, akilazimika kulipa bodaboda shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi kwa siku 22 za masomo, atatumia shilingi 44,000 za nauli. Chumba cha shilingi 18,000 kitakuwa kimemgharimu shilingi 62,000. Kwa anayetembea kwa miguu au mwenye baiskeli hesabu hubadilika, ila akumbuke kuwa nyanda za Kasulu zina milima na mvua zake huanza karibu Oktoba na kuendelea hadi Mei.

Kagua mchana, uliza jioni

Chumba kikaguliwe mchana kukiwa na mwanga, na ikiwezekana baada ya mvua. Mpangaji aangalie dari na kuta kama zina madoa ya maji, atazame msingi kama maji hutuama, afungue na kufunga mlango na madirisha, na ajaribu kitasa kwa ufunguo wenyewe. Aulize ni nani wengine wana ufunguo wa chumba hicho. Kubadilisha kitasa kwa makubaliano na mwenye nyumba ni gharama ndogo kuliko kuibiwa.

Choo na maji vinahitaji uangalifu wa pekee. Je, choo kinatumiwa na watu wangapi, na kipo umbali gani usiku? Maji ni ya bomba la mamlaka ya maji, ya kisima au ya kununua kwa dumu? Wapangaji waliopo ndio wenye majibu ya kweli, na wengi wao hupatikana jioni. Kwa wanachuo wa kike, mwanga wa uwanjani, uimara wa mlango na njia ya kurudi usiku kutoka maktaba vipewe uzito uleule unaopewa kiwango cha kodi.

Jambo jingine linalohusu uhai ni jiko la mkaa. Usiku wa Kasulu na Heru Juu huwa wa baridi, na wapo wanaoingiza jiko ndani ili kupasha chumba joto. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo humuua mtu akiwa usingizini. Chumba kisicho na sehemu ya kupikia nje au baraza yenye hewa hakifai kwa mpishi wa mkaa, hata kodi yake iwe nafuu kiasi gani. Aidha, mpangaji ahakikishe madirisha yana wavu wa kuzuia mbu na alale ndani ya chandarua.

Umeme: mita moja, wapangaji wengi

Migogoro mingi ya nyumba za wapangaji huanzia kwenye LUKU. Ili kuielewa, mpangaji anapaswa kujua jinsi umeme unavyouzwa. Kwa bei zilizoidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) mwaka 2016, mteja wa majumbani wa kundi la D1, ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti. Mteja wa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa uniti. Bei hizo huongezewa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, tozo ya nishati vijijini ya asilimia 3 na tozo ya EWURA ya asilimia 1. Hivyo uniti ya D1 hufikia shilingi 122, na ya T1 shilingi 356 na senti kadhaa.

Tuseme nyumba ina vyumba sita na kila mpangaji anatumia uniti 20. Kila mmoja angekuwa na mita yake katika kundi la D1, angelipa shilingi 2,440 kwa mwezi. Wakitumia mita moja, matumizi ya nyumba yanakuwa uniti 120, nyumba inahesabiwa T1, na gharama inafikia takriban shilingi 42,750, sawa na shilingi 7,125 kwa kila chumba. Matumizi ni yaleyale, gharama ni karibu mara tatu. Mpangaji anayeambiwa kuwa umeme ni wa kuchangia anapaswa kuuliza mita iko kundi gani, wangapi wanachangia, na kama mwenye friji au pasi anachangia sawa na mwenye taa moja. Baadhi ya nyumba hufunga mita ndogo kwa kila chumba ili kujua nani ametumia kiasi gani; mita hiyo haibadilishi bei ya uniti, lakini huondoa ugomvi.

Jambo la pili ni kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme. Kiwango kilichoanza mwaka wa fedha 2023/2024 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na shilingi 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mlipaji anayekusudiwa na sheria ni mmiliki wa jengo. Mpangaji anaponunua umeme, kodi ya mwenye nyumba hukatwa katika fedha yake; kwa hiyo wakubaliane tangu mwanzo kama kiasi hicho kitapunguzwa kwenye kodi ya pango, na makubaliano hayo yaandikwe.

Sheria inasema nini

Wapo wanaoamini kuwa Serikali hupanga viwango vya kodi za nyumba binafsi. Utaratibu huo ulikuwepo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, ambayo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiwango cha kodi na idadi ya miezi ya kulipa kwa mkupuo ni mambo ya makubaliano kati ya mwenye nyumba na mpangaji. Kutokuwepo kwa kiwango elekezi hakuna maana kwamba mpangaji hana ulinzi. Ulinzi wake umo katika Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, iliyotungwa mwaka 1999, na katika mkataba aliousaini.

Sheria hiyo inatambua upangaji wa muda mfupi, yaani usiozidi mwaka mmoja, hata kama makubaliano yalikuwa ya mdomo. Pale ambapo hakuna muda uliotajwa, upangaji huhesabiwa kwa kipindi ambacho kodi hulipwa, na upande unaotaka kuuvunja hutakiwa kutoa notisi isiyopungua kipindi hicho. Anayelipa kwa mwezi anastahili notisi ya mwezi, na yeye naye akitaka kuhama anawajibika kutoa notisi ya mwezi.

Hata mkataba usiposema lolote, sheria humbebesha mwenye nyumba wajibu ufuatao: kumwacha mpangaji aishi kwa utulivu bila kuingiliwa ilimradi analipa kodi na kutimiza masharti, kuhakikisha chumba kinafaa kukaliwa na binadamu mwanzoni na katika muda wote wa upangaji, na, panapopangishwa sehemu tu ya jengo, kutunza paa, kuta kuu, mifereji na maeneo ya matumizi ya pamoja. Paa likivuja juu ya chumba cha mpangaji, matengenezo ni ya mwenye nyumba.

Mpangaji naye anao wajibu. Hutakiwa kulipa kodi kwa wakati, kutumia chumba kwa shughuli iliyokubaliwa, kukirudisha katika hali aliyokipokea isipokuwa uchakavu wa kawaida, kumruhusu mwenye nyumba kukagua kwa taarifa ya kutosha, na kutompangisha mtu mwingine bila idhini. Mwanachuo anayekaribisha wenzake wawili bila kumweleza mwenye nyumba anavunja makubaliano, na hawezi kulalamika akipewa notisi.

Hakuna upande uliopewa mamlaka ya kujichukulia hatua. Mwenye nyumba anayedai kodi hapaswi kufunga chumba kwa kufuli lake, kuezua mabati au kutoa vyombo nje. Anatakiwa kutoa notisi ya maandishi na kupeleka shauri kwenye chombo chenye mamlaka. Vivyo hivyo, mpangaji hapaswi kuhama usiku na deni.

Ifahamike pia kwamba Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zimepiga marufuku kutaja au kutoza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Katika miji ambayo nyumba kubwa zimezoea kupangishwa kwa dola, mwenye nyumba anapaswa kutaja kodi kwa shilingi.

Mkataba uwe na nini

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba wa chumba hauhitaji lugha ngumu wala kurasa nyingi. Ukurasa mmoja au miwili ya Kiswahili fasaha inatosha, ilimradi yafuatayo yamo:

1. Majina kamili ya mwenye nyumba na mpangaji, namba zao za utambulisho na za simu. Kama anayesaini ni msimamizi wa nyumba, iambatishwe barua ya mmiliki inayompa idhini.

2. Mahali nyumba ilipo: kata, mtaa, na namba ya nyumba kwa mujibu wa mfumo wa anwani za makazi.

3. Chumba kinachopangishwa na huduma zinazoambatana nacho, kama vile choo, maji, stoo au sehemu ya kupikia.

4. Kiasi cha kodi kwa mwezi kwa tarakimu na kwa maneno, miezi iliyolipwa, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika.

5. Amana, kama ipo: kiasi chake, sababu zinazoweza kuifanya ikatwe, na siku ya kuirudisha.

6. Utaratibu wa umeme, maji, taka na kodi ya majengo.

7. Muda wa notisi kwa kila upande, na muda wa kutoa taarifa ya kupandisha kodi.

8. Utaratibu wa kurejesha kodi ya miezi ambayo haijatumika endapo mpangaji ataugua, atahamishwa kikazi au ataahirisha masomo.

9. Orodha ya vitu vilivyomo na hali yake siku ya kukabidhiana.

10. Saini za pande mbili na za mashahidi wao.

Kipengele cha nane husahaulika zaidi, nacho ndicho chenye uzito kwa mwanachuo. Anayelipa miezi sita na kuahirisha masomo baada ya miwili hana uhakika wa kurudishiwa chochote kama mkataba umenyamaza. Kipengele kinachosema kuwa miezi iliyobaki itarejeshwa baada ya kukatwa mwezi mmoja wa notisi huokoa fedha nyingi, na wenye nyumba waungwana hukikubali kwa kuwa chumba kitapata mpangaji mwingine.

Uwezo wa kufunga mkataba huanza katika umri wa miaka 18. Mwanachuo aliyemaliza kidato cha nne mapema na hajatimiza umri huo asainiwe na mzazi au mlezi. Mzazi aliye mbali anaweza kumtuma ndugu anayeaminika. Ni vema naye azungumze na mwenye nyumba kwa simu kabla ya fedha kutumwa.

Mkataba wa pango ni miongoni mwa hati zinazohusika na ushuru wa stempu chini ya Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 189. Hati isiyolipiwa ushuru huo inaweza kukataliwa kuwa ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe. Maelezo ya malipo hutolewa na ofisi za Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

Kutoa fedha kwa usalama

Hatua ya kwanza ni kuthibitisha mmiliki. Mpangaji amtembelee mwenyekiti au mtendaji wa mtaa na kuuliza kwa jina nyumba ni ya nani. Viongozi hawa wanazifahamu nyumba zao. Nyumba za mirathi zinahitaji tahadhari zaidi: kodi inayolipwa kwa ndugu mmoja inaweza kudaiwa upya na mwingine, hivyo aulizwe msimamizi wa mirathi ni nani.

Hatua ya pili ni kumjua dalali. Dalali ni mtu wa kuonyesha chumba, na katika miji mingi kwa desturi hulipwa kiasi cha kodi ya mwezi mmoja. Malipo yake yatolewe baada ya mkataba kusainiwa na ufunguo kukabidhiwa. Kodi ya pango isipite mikononi mwake. Ilipwe kwa mwenye nyumba mwenyewe.

Hatua ya tatu ni kubaki na ushahidi. Malipo kwa benki au kwa simu huacha kumbukumbu yenye jina, kiasi, tarehe na saa, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za aina hiyo kupokelewa kama ushahidi. Ujumbe wa muamala usifutwe hadi upangaji umalizike. Anayelipa fedha taslimu adai stakabadhi yenye saini, na asikubali maneno ya nitakuandikia kesho.

Hatua ya nne ni kupiga picha za chumba siku ya kuingia na kuzituma kwa mwenye nyumba kwa simu. Picha hizo humaliza ubishi wa kioo kilichopasuka au ukuta uliochafuka siku ya kuondoka.

Kujitambulisha mtaani

Mpangaji mpya ajitambulishe kwa uongozi wa mtaa ndani ya siku chache baada ya kuhamia, akiwa na kitambulisho au namba ya NIDA, kitambulisho cha chuo na nakala ya mkataba. Siku atakapohitaji barua ya utambulisho kwa ajili ya benki, mkopo au huduma nyingine, atahudumiwa kama mkazi anayefahamika. Katika mkoa wa mpakani kama Kigoma, jambo hili lina umuhimu zaidi kwa usalama wa wote, na mwenye nyumba naye anatakiwa kuwafahamu kwa majina watu anaowapangisha.

Mgogoro ukitokea

Hatua ya awali ni mazungumzo, kisha barua. Malalamiko yaandikwe, yatajwe kwa tarehe na kifungu cha mkataba, na nakala ibaki kwa mlalamikaji. Mwanachuo anaweza kumshirikisha mlezi wa wanachuo au serikali ya wanachuo, na uongozi wa mtaa unaweza kusuluhisha.

Ikishindikana, shauri hupelekwa Baraza la Kata. Kufuatia marekebisho ya mwaka 2021 ya Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, Baraza la Kata halitoi tena hukumu. Kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, na likipitisha siku 30 bila kusuluhisha, mlalamikaji anaweza kuendelea mbele. Ngazi inayofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo lipo Kasulu. Asiyemudu wakili anaweza kuomba huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayowatambua pia wasaidizi wa kisheria waliopo katika jamii.

Katika ngazi zote hizo mlalamikaji ataulizwa yuko wapi mkataba, iko wapi stakabadhi, na nani alishuhudia. Mwenye majibu hayo huweza kupata suluhu palepale katani, na asiye nayo hutegemea hisani ya aliyemkosea.

Kwa wenye nyumba

Mkataba unamlinda mwenye nyumba sawasawa na mpangaji. Bila maandishi, hata yeye hupata shida kumdai aliyehama na deni au aliyevunja mlango. Mapato ya pango ni mapato yanayotozwa kodi chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, na taasisi au mfanyabiashara anayepanga hukata asilimia 10 kama kodi ya zuio na kuiwasilisha TRA. Mwenye nyumba mwenye mikataba na stakabadhi huweza kuonyesha hesabu zake bila mashaka.

Wapo pia wenye nyumba waliokubali kupokea kodi kwa awamu zinazolingana na mihula au msimu wa mavuno, badala ya miezi sita kwa mkupuo. Utaratibu huo unafaa kuigwa. Mwanachuo ambaye mzazi wake anauza maharage Juni hawezi kuwa na fedha za Februari, lakini akipewa ratiba iliyoandikwa anaweza kuifuata, naye mwenye nyumba akabaki na mpangaji mmoja kwa miaka yote ya masomo.

Siku ya kuondoka

Notisi itolewe kwa maandishi na ipokelewe kwa saini. Mpangaji alipe sehemu yake ya umeme na maji, asafishe chumba, na wakikague pamoja na mwenye nyumba wakitumia orodha na picha za siku ya kuingia. Amana ihesabiwe hapohapo. Ufunguo ukabidhiwe mbele ya shahidi, na pande zote mbili zisaini mstari mmoja chini ya mkataba kuwa hakuna anayemdai mwenzake. Kisha uongozi wa mtaa ujulishwe kuwa mkazi huyo amehama.